Nobu ya themostati ya jiko la kuni inalegea: shajara ya banda la vifaranga, Mkonze, Dodoma

8 Juni

Naanza kuandika leo kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyewahi kufunga jiko la kuni lenye themostati kwenye banda la vifaranga sikumpata hata mmoja, kila niliyemuuliza ananiambia nunua taa au weka vyungu vya mkaa. Taa nilizitumia mwaka jana, umeme ukikatika usiku wa kipupwe unabaki unaangalia vifaranga vinakufa, na mkaa wa ndani ya banda hewa yake si nzuri kwa vifaranga wala kwa mtu anayelala nao.

Jiko nimelipata kwa familia iliyokuwa inahama Area D, laki tatu na themanini, ni la Marekani, chuma kizito, bomba lake linatoka nje. Nitaeleza lilivyo maana bila hivyo huko mbele hutanielewa. Ubavuni kuna kiboksi cha bati, ndani yake kuna springi bapa iliyojiviringa kama ya saa ya ukutani, imetengenezwa kwa metali mbili zilizogandamana, moja inatanuka zaidi ya mwenzake ikipata joto, kwa hiyo springi nzima inajikunja au kujikunjua. Ncha yake imeshika kicheni na kicheni kimeshika kilango cha hewa kilichopo chini. Jiko likipoa springi inakivuta kilango, hewa inaingia, moto unapanda, jiko likichemka springi inakiachia kinashuka chenyewe na moto unatulia. Nobu ya nje (kishikio cha kuzungusha kwa mkono) iko kwenye shafti (fimbo ya chuma) iliyobeba hiyo springi, ukiizungusha unaamua kilango kianze kufunga kwenye joto gani. Hakuna umeme hata kidogo. Nilivyolielewa nililipenda sana hili jiko.

Nimelifunga kona ya nyuma, kiboksi kinaangalia ukuta, kama sentimita 20 hivi kutoka kwenye tofali. (Hiyo ikumbuke.) Nimelijaribu siku mbili kwa kuni za mgunga, liko vizuri.

13 Juni

Vifaranga 200 chotara wamefika jana, 1,800 kila mmoja. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35 pale chini wanaposimama wao, siyo pale juu mtu unapopumulia.

Leo asubuhi nobu inacheza. Ukiishika inaenda mbele na nyuma kama jino linalotaka kung'oka, na ukizungusha kuna mahali nobu inazunguka shafti imetulia tu. Nikaona kashimo pembeni ya nobu, ndani kuna skrubu ya alen isiyo na kichwa, yenye tundu la pembe sita, nikaazima alenki (ufunguo wake) ya milimita 3 kwa jirani mwenye gereji ya bodaboda. Ikaingia, ina nafasi kidogo, nikasema ni uchakavu. Nikakaza, nikakaza tena kwa nguvu, ghafla ikateleza na sasa tundu la skrubu limekuwa duara.

Kosa langu ni hili: jiko ni la Marekani, skrubu zake ni za inchi. Tundu lile ni la moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3.175. Alenki ya 3 inaingia, ndo ubaya wake, inaingia halafu inakula pembe zote sita. Ukiona alenki inacheza hata kidogo ndani ya skrubu, iache, katafute ya inchi. Mi nimeinunua baada ya kuharibu, seti nzima 14,000 maduka ya jirani na soko la Majengo.

14 Juni

Nobu bado inacheza na skrubu haishikiki, nikanunua gundi ya chuma ya mirija miwili, 4,500, nikasafisha shafti kwa msasa nikapaka nikasubiri masaa manne bila moto, vifaranga wakiwa na vyungu viwili vya mkaa na madirisha nimeyafungua juu. Ikashika vizuri. Saa mbili usiku nikawasha jiko, saa tano nobu ikaanza kuzunguka yenyewe juu ya gundi iliyokuwa laini kama ubani uliotafunwa. Gundi hizi nyingi haziwezi joto la jiko, usipoteze hela yako.

Nikaibandua gundi yote kwa kisu, nikakata kipande cha kopo la soda nikakizungushia shaftini halafu nikaigonga nobu iingie kwa kubana. Hii ikakaa, nobu ikiwa imebana unazungusha na shafti inazunguka nayo, nikaenda kulala najua nimemaliza.

16 Juni

Leo sina nguvu ya kuandika vizuri ila naandika.

Jana niliona nobu inazunguka kwa kukwaruza, nikaona ni kutu au gundi imeingia kwenye tundu la shafti, nikachukua oili ya cherehani nikadondoshea matone kama manne pale shafti inapoingia kwenye kiboksi. Ikawa laini, unazungusha kwa kidole kimoja. Nikaweka kwenye alama niliyoizoea, nikajaza kuni, nikalala saa nne.

Saa kumi na moja alfajiri mdogo wangu ananiita. Banda la baridi, kipimajoto cha chini kinasoma 19, kuni zimejaa ndani ya jiko nusu zake hazijaungua, kilango cha hewa kimefunga kabisa. Vifaranga wamerundikana kona moja wanapandana. Tumewatoa mmoja mmoja, 17 wamekufa, wa chini wote, wamekosa hewa chini ya wenzao. Mama ndiye aliyewahesabu, mi nilishindwa.

Nobu haikuwa kwenye alama niliyoiacha. Ilikuwa imejizungusha mpaka mwisho upande wa kufunga, na kopo langu la soda lilikuwa bado limebana vilevile.

17 Juni

Kuna mzee mmoja fundi karibu na soko la Sabasaba, anatengeneza mizani na mashine za kusaga. Nimempelekea nobu na picha za kiboksi. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, mbukwa (salamu ya Kigogo), akaishika nobu akaiangalia muda mrefu, halafu hakuniuliza kitu chochote kuhusu skrubu. Akaniuliza, "Mwanangu, kinacholegea ni nobu kwenye shafti, au shafti kwenye mwili wa jiko?"

Nikasema nobu. Akasema umejuaje? Sikuwa na jibu.

Akanifundisha hivi, na kama utachukua kitu kimoja kwenye shajara hii chukua hiki. Tafuta rangi ya kucha au kalamu ya rangi nyeupe. Piga mstari mmoja ulionyooka unaoanzia kwenye nobu, unapita kwenye ncha ya shafti, unamalizikia kwenye bati la kiboksi. Halafu tumia jiko kawaida masaa machache urudi uangalie. Mstari wa nobu ukiachana na wa shafti, tatizo ni skrubu. Nobu na shafti vikiwa bado pamoja ila vyote viwili vimeachana na bati, skrubu yako haina kosa, shafti ndo inateleza ndani.

Nimerudi nimepaka. Baada ya masaa matatu nobu na shafti viko pamoja, vyote vimesogea karibu robo ya duara kutoka kwenye mstari wa bati. Mbele ya macho yangu nikaona vinavyosogea, kila mdogo wangu akifunga mlango wa banda kwa kishindo vinaenda kidogo.

Kumbe yalikuwa matatizo mawili kwa wakati mmoja na mi nilikuwa nakaza lile linaloonekana. Shafti inatakiwa iwe nzito kidogo kuzunguka, ule uzito ndo unaizuia isizungushwe na kilango kinachoning'inia kwenye kicheni. Kule kukwaruza nilikokuchukia ndiko kulikokuwa kumebakiza msuguano kidogo, nikakuondoa kwa oili kwa mkono wangu mwenyewe. Usiweke oili kwenye shafti ya themostati. Wala kwenye ile springi ya metali mbili, inakusanya vumbi na majivu na kicheni kinakwama.

Kwa muda huu kicheni nimekifungua, kilango nimekifunga kwa waya kikiwa wazi kiasi cha unene wa kidole kidogo, na nalala bandani, naamka kila baada ya masaa mawili. Ukifanya hivi usijaze kuni nyingi, maana hakuna tena kitu cha kuuzuia moto usipande.

21 Juni

Nobu kwanza. Skrubu iliyoharibika ilibidi itolewe kwa drili. Nilianza mwenyewe nyumbani kwa drili ya mkono, biti ikateleza kwenye chuma kigumu cha skrubu ikaenda pembeni ikala nobu yenyewe, ambayo ni alumini, laini. Tundu likawa yai. Nimesimama pale pale nikaenda kwa mzee.

Yeye ana drili ya kusimama. Akapiga senta panchi kuweka alama ya kuanzia biti, akafunga nobu kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao, akaenda taratibu kweli. Akasema tundu limeshaharibika hatuwezi kurudi kwenye saizi ya mwanzo ambayo ni robo inchi, tunaenda M8 (skrubu ya milimita 8), biti ya milimita 6.8 halafu tepu, kile kifaa cha kukata nyuzi za skrubu. Biti hakuwa nayo, 3,500, tepu ya mtumba 6,000, skrubu mbili za M8 fupi zisizo na kichwa 1,000, kazi yake 10,000. Tepu unazungusha nusu mzunguko mbele robo nyuma ili vumbi la chuma likatike, ukilazimisha kwenye alumini nyuzi zinachanika.

Akaitazama na shafti pia. Ni ya duara tupu, skrubu ilikuwa inakanyaga mgongo wa duara, ndo maana ililegea tangu mwanzo. Akanipa tupa bapa akasema kaa pale usugue mwenyewe, sehemu ya kukanyaga skrubu iwe bapa, kina kama milimita moja tu. Ilinichukua dakika arobaini. Sasa skrubu inakaa juu ya ubapa na nobu haichezi hata ukiitikisa kwa makusudi.

24 Juni

Shafti. Nimefungua kiboksi, skrubu nne. Ndani shafti imepita kwenye bati, halafu kuna washa bapa (pete ya chuma), springi ndogo ya kawaida ya kujikunja, washa nyingine, na splitpini inayozuia vyote visitoke. Ile springi ndogo ndo inasukuma washa dhidi ya bati na kuleta huo uzito wa kuzunguka. Nikaitoa nikaipima, milimita 11 ikiwa huru. Nafasi inayokaa ni milimita 10. Yaani inasukuma kwa milimita moja tu, ni kama haipo.

Nikasafisha oili yote kwa petroli na kitambaa (nje, mbali na jiko, jiko likiwa limepoa tangu asubuhi, na nikaacha vikauke kabisa juani kabla ya kurudisha). Nikaongeza washa mbili bapa chini ya springi ili ibanwe zaidi. Ikawa nzito vizuri, mstari wa rangi umekaa palepale usiku mzima. Nimelala masaa manne mfululizo, mara ya kwanza tangu tarehe 15.

29 Juni

Imerudi. Siku ya nne mstari umeanza kuachana tena, kidogo, upana wa punje ya mchele, ila nilishajua maana yake. Nimefungua, springi sasa ni milimita 9 na nusu.

Nikampelekea mzee akaiminya kwa vidole akasema hii imekufa, imepikwa. Springi ya chuma cha kawaida ikikaa kwenye joto kali muda mrefu inapoteza ule ugumu wake, ukiibana inabaki hivyohivyo ilivyobanwa, kwa hiyo washa zangu zilikuwa zinaimalizia tu. Halafu akaniuliza jiko liko umbali gani na ukuta.

Hapo ndo ile sentimita 20. Tofali linakula joto la jiko na kulirudisha, na kiboksi kiko katikati ya jiko na tofali, kinapikwa pande zote mbili. Mwenye jiko wa kwanza naye sijui alilikalisha vipi maana springi ilikuwa imechoka kabla sijaligusa, ila mi niliongezea.

Akamwaga kopo lake la springi kuukuu mezani tukaanza kutafuta. Ya kwanza ilikuwa ya pikipiki, nene, tulipoifunga nobu ikagoma kuzunguka kwa mkono, ningeilazimisha ningepinda shafti. Ya pili ilitoka kwenye mkono wa bomba la kupulizia dawa shambani, ni ya chuma kisichoshika kutu, na hizo zinavumilia joto kuliko za kawaida. Ilikuwa ndefu, akakata mizunguko miwili, ncha akailaza kwa plaizi ili ikae bapa juu ya washa. Milimita 16 ikiwa huru, inabanwa mpaka 10. Springi na washa mpya 2,500.

Jioni tumelisogeza jiko, watu watatu, bomba nalo ikabidi liongezewe kipande nilichokuwa nacho. Sasa ni sentimita 50 kutoka ukutani na kiboksi kinaangalia katikati ya banda, nimekizungushia wavu ili vifaranga wasisogee kwenye chuma.

6 Julai

Wiki nzima mstari haujasogea. Nimeukagua kila siku asubuhi na saa tisa usiku.

Kazi ya wiki hii ilikuwa kuipa nobu alama mpya maana zile za zamani hazina maana tena. Jiko likiwa limepoa kabisa nikaweka nobu chini kabisa, nikarekebisha kicheni tundu kwa tundu mpaka kilango kikawa kinagusa tu bila kubanwa. Nikizungusha mpaka juu kinafunguka unene wa kidole gumba. Halafu usiku tatu mfululizo nikaweka nobu sehemu tofauti, nikasubiri masaa mawili moto utulie, nikasoma kipimajoto pale walipo vifaranga na kupiga alama ya rangi. Nina alama ya 32, ya 29, ya 26 na ya 23, maana kila wiki unawashusha nyuzi kama tatu. Hawa wangu sasa wana wiki tatu na nusu, wako kwenye 23, wamesambaa banda zima, hawarundikani na hawahemi kwa mdomo wazi. Kipimajoto ni sawa ila kuwaangalia wao wamelalaje ndo kipimo cha kweli.

Kitu ambacho sikukitegemea ni upepo. Mnaoishi Dodoma mnaujua upepo wa Juni na Julai ukitoka mashariki jioni, unavuta hewa juu ya bomba na moto unapanda hata kilango kikiwa karibu kimefunga. Nilidhani nobu imelegea tena nikakimbilia mstari wa rangi, ukawa uko palepale. Tumeweka kofia ya bati juu ya bomba na kukaza kamba inayoziba mlango wa jiko, iliyokuwa inapitisha hewa pembeni, tofauti ikapungua, haijaisha. Usiku wa upepo mkali naishusha nobu kidogo kabla ya kulala.

19 Julai

Gharama za nobu peke yake, bila jiko: alenki za inchi 14,000, gundi 4,500, biti 3,500, tepu 6,000, skrubu 1,000, kazi ya mzee 10,000, springi na washa 2,500, bodaboda kwenda na kurudi mjini 9,000. Jumla 50,500. Kati ya hizo hela ya gundi ilipotea bure kabisa, na biti, tepu na kazi nyingi ya mzee nisingezihitaji kama ningeanza na alenki sahihi. Vifaranga 17 ni 30,600 kwa hela, nimeiandika ila siyo hela inayoniuma.

Mzee hakutaka hela ya siku ya kwanza, ile aliyonifundisha mstari wa rangi. Nimempelekea trei ya mayai ya kuku wa mama.

Mtu ameniuliza kama anaweza kuchomelea nobu kwenye shafti ikaisha kabisa. Unaweza kujaribu, ila nobu ya alumini na shafti ya chuma havishikani kwa welding ya kawaida, na hata vikishikana hutaweza tena kuitoa shafti siku springi ya ndani ikichoka. Sugua ubapa weka skrubu, inatosha.

Vifaranga 183 wanahamia banda kubwa kesho. Wengine 250 wanakuja tarehe 26, nimeshafagia, nimemwaga maranda mapya, nobu iko kwenye alama ya 32, mstari wa rangi nimeupaka upya. Nitalala bandani usiku tatu za mwanzo hivyohivyo.